Kupe, mende na mizani: katuni za kibaguzi zinastahili hasira zetu?

Naandika kutoka Moshi. Mlima leo umetoa kichwa asubuhi, ilipofika saa tatu ukajifunika kama kawaida yake. Boom halijaingia, na wali maharage wa kantini ni ule ule. Kwa hiyo sina jipya la maisha ya hosteli. Leo naandika historia. Wale mnaosema desa za historia zinaleta usingizi, chukueni kahawa (mkiwa Kilimanjaro hamna kisingizio) twende pamoja.

Hoja yenyewe imezunguka bwenini kwetu wiki nzima. Gazeti likichora Mhindi mwenye tumbo kubwa, amekumbatia droo ya pesa, mdomoni amewekewa Kiswahili cha "veve nataka nini", je, watu wana haki ya kukasirika hadharani? Au ni katuni tu, na mwenye hasira akanywe maji? Bweni limegawanyika. Kuna wanaosema Mtanzania amezoea utani na kila kabila linataniwa, kwa hiyo kulia lia ni ulimbukeni wa kuiga Wazungu. Kuna wanaosema kila ubaya mkubwa ulianza na kicheko.

Mimi msimamo wangu nautoa mapema ili msiseme nimewazungusha: zipo zinazostahili hasira, tena hasira ya wazi. Ila siyo zote, na hasira yenyewe isiwe ya kuomba serikali ifungie gazeti. Sababu zangu zimetawanyika jirani tu na hapa tulipo, hakuna haja ya kwenda mbali.

TUANZIE MLIMANI

Mwaka 1891 Wajerumani walimleta Carl Peters awe kamishna wao wa Kilimanjaro. Kituo chake kilikuwa Marangu. Huyu ndiye yule ambaye vitabu vinasema wenyeji walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huo alimnyonga mtumishi wake kijana aitwaye Mabruk, na mwanzoni mwa 1892 akamnyonga binti aitwaye Jagodia, aliyekuwa amewekwa kituoni kama suria na akajaribu kutoroka.

Habari zikafika Ujerumani. Machi 1896 August Bebel, kiongozi wa wasoshalisti, alisimama bungeni Berlin akayaanika yote. Magazeti ya wasoshalisti yakambandika Peters jina la "Hänge-Peters", yaani Peters wa kitanzi. Kelele zikawa kubwa hadi akashtakiwa kinidhamu, na mwaka 1897 akafukuzwa kazi. Kwa hiyo wale wanaosema hasira ya umma haina kazi, jibu la kwanza hilo: mtu aliyeua watu huku mlimani na kujiona hagusiki aliangushwa na kelele za bunge na magazeti.

Lakini subirini, kuna funzo la pili. Bebel alitumia pia barua ambayo Peters alidaiwa kumwandikia askofu Tucker, akikiri mambo yake. Baadaye ikaonekana barua hiyo haikuwahi kuandikwa. Mauaji yalikuwa ya kweli, ila mashabiki wa Peters wakashika barua hiyo moja, wakaipigia ngoma miaka na miaka kudai kwamba mtu wao kaonewa. Mwishowe, mwaka 1937, Hitler akamsafisha jina. Hasira isiyohakiki ushahidi wake inampa mkosaji mlango wa kutokea.

Sasa katuni. Mwaka 1904 gazeti la vikaragosi la Simplicissimus la Munich lilitoa toleo maalumu la makoloni. Mchoraji Thomas Theodor Heine alichora jinsi kila taifa linavyotawala. Mjerumani anawafundisha twiga kutembea kwa gwaride. Mwingereza anammiminia Mwafrika pombe kali huku anamkamua kwenye shinikizo mpaka sarafu zidondoke, na mmisionari amesimama pembeni. Mbelgiji ndiye balaa, anamchoma Mwafrika na kumla. Ukiitazama kwa haraka unaweza kusema ni katuni ya kibaguzi, maana Mwafrika mwenyewe ni umbo jeusi tu, hana jina wala neno la kusema. Lakini anayechekwa nani? Mkoloni. Mshale umeelekezwa juu, kwa mwenye bunduki. Mimi nisingeandamana dhidi ya Heine. Ningemwambia tu: bwana mkubwa, siku nyingine mpe na Mwafrika mdomo.

Maana kipindi hicho hicho kulikuwa na "sayansi" iliyomchora Mwafrika bila kalamu. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na wenzake, na mti ambao wenyeji wanauonyesha upo mpaka leo. Mafuvu ya watu wa huku yalisafirishwa hadi Berlin yakapimwe upana wa kichwa na urefu wa taya, ili ithibitike nani mtu kamili na nani nusu mtu. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kuwa vipimo vya DNA vimeunganisha baadhi ya mafuvu hayo na koo zilizo hai hapa Tanzania, mojawapo likiwa la mshauri wa Mangi Meli. Kwa hiyo ukiona mchoro unaokuza pua na midomo ya watu, ujue ule mkono una ndugu yake aliyeshika rula.

KAHAWA NA UONGO USIO NA MCHORO

Nipite haraka hapa. Miaka ya 1920 masetla wa huku walipiga kelele Mchaga asilime kahawa ya arabika. Sababu zao: hawezi kutunza shamba, ataeneza magonjwa ya mimea, ataiba kahawa ya jirani. Kenya hoja za namna hiyo zilifanikiwa na Waafrika wakazuiwa kulima arabika kwa miaka mingi. Hapa zilikwama. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, na Joseph Merinyo akakiongoza. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU.

Ninachotaka mkione ni kwamba ile picha ya "Mwafrika mchafu, mvivu, mwizi" haikuwa kichekesho cha klabu ya masetla peke yake. Ilipelekwa ofisini ikiwa hoja ya kutunga sheria. Wazee wetu waliijibu kwa kilo za kahawa. Kama wangecheka tu na kusema "hayo maneno ya Wazungu", sijui ada za wengi wetu zingetoka wapi.

1967: KUPE NA MIRIJA

Haya, hapa ndipo pana utamu, na ndipo patauma kidogo kwa sababu sasa waliochora ni sisi wenyewe.

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. Siku iliyofuata benki zikataifishwa. Mitaani ikaingia lugha mpya: wanyonyaji, kupe, mirija. Mashairi, makala na michoro ya magazeti ikajaa mtu mwenye tumbo anayenyonya jasho la mkulima. Gazeti la chama, Uhuru, lilikuwa na katuni yake maarufu, Chakubanga, ya mchoraji Christian Gregory. Chakubanga alipendwa kwa sana, maana alimcheka yeyote aliyemkuta njiani, wakiwemo wakubwa wetu wenyewe waliokalia viti vya Wazungu. Hiyo ni satira ya haki.

Shida ni kwamba lile tumbo la mnyonyaji halikukaa hewani. Mtaani lilishapewa sura na dini na jina la duka. Mnyonyaji akawa Mhindi, na Mhindi akawa mnyonyaji. Fundi cherehani wa Kihindi aliyepanga chumba kimoja, mwalimu, karani wa reli, wote waliingizwa kwenye tumbo moja. Na lile neno kupe, jamani, tulifikirie. Kupe si mtu mbaya, kupe si mtu kabisa. Kupe habishani nawe wala hashtakiwi mahakamani. Kupe anabanduliwa na kukanyagwa.

Aliyeona hatari mapema ni Nyerere mwenyewe. Tarehe 14 Februari 1967, siku tisa tu baada ya Azimio kutangazwa, aliandika makala katika gazeti la The Nationalist (mhariri wake alikuwa Benjamin Mkapa, huyu huyu aliyekuja kuwa Rais) kuwaambia watu kwamba ujamaa si ubaguzi wa rangi. Hoja yake kwa ufupi: Azimio linazungumzia watu na imani zao, halizungumzii rangi. Kuna Waafrika mabepari na kuna wasio Waafrika wajamaa. Ukianza kugawa watu kwa ngozi umeshaacha ujamaa, umeingia njia ya mafashisti. Siku tisa, wadau! Nchi imejaa maandamano ya kushangilia, na kiongozi wa nchi anawakatisha washangiliaji wake mwenyewe. Mimi hiyo naiita hasira ya umma iliyotumika vizuri. Hakukamata mtu, alishika kalamu.

Je, ilitosha? Haikutosha. Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yakipangishwa, yakapelekwa kwa Msajili wa Majumba. Kwenye karatasi sheria haikutaja rangi. Ila wenye majumba mjini wengi walikuwa Waasia, na Moshi mjini, ambako Wahindi walijenga maduka na maghorofa tangu reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, pigo lilijulikana limempata nani. Wengi wakafunga mizigo kwenda Kanada na Uingereza. Sisemi katuni ndizo zilizotaifisha majumba. Sera ilikuwa na hoja zake, na mwenye kuitetea aitetee. Ninachosema ni kwamba pale familia zilipokuwa zinapakia masanduku, majirani wengi hawakuwaonea huruma, na huruma ile ilikuwa imeshakaushwa kidogo kidogo na kicheko cha miaka.

Jirani zetu walikwenda mbali zaidi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Nyerere alisema waziwazi kwamba huo ni ubaguzi wa rangi. Na kwetu mambo hayakuisha. Miaka ya 1990 Mchungaji Christopher Mtikila alileta neno "magabacholi", na Januari 1993 baada ya hotuba zake Dar es Salaam, watu wenye asili ya Asia walishambuliwa mitaani. Neno moja tu, nalo lilichekesha kweli kweli.

ARUSHA, KILOMITA 80 KUTOKA HAPA

Wanaosema "katuni haijawahi kuua mtu" nawaomba wapande koasta mpaka Arusha. Pale ndipo ilipokaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda hadi ilipofunga kazi Desemba 2015.

Mmoja wa washtakiwa alikuwa Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililoanza mwaka 1990. Desemba mwaka huo lilichapisha zile "Amri Kumi za Wahutu". Liliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Novemba 1991 ukurasa wa mbele uliuliza itumike silaha gani kuwashinda mende moja kwa moja, na pembeni ya swali ikachorwa panga. Katuni zake zilipenda kuwachora wanawake wa Kitutsi kama malaya wa kutega watu. Februari 1994 likamchora Jenerali Roméo Dallaire wa Umoja wa Mataifa akiwa mikononi mwa wanawake hao, ili msomaji acheke na aamini kwamba majeshi ya kulinda amani yameshanunuliwa. Miezi miwili baadaye mauaji yakaanza. Ndani ya siku takriban 100 waliuawa watu zaidi ya laki nane kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa.

Hukumu ilitoka Arusha Desemba 3, 2003. Ngeze alipewa kifungo cha maisha. Rufaa ya Novemba 28, 2007 ikakipunguza hadi miaka 35. Na hapa kuna jambo ambalo wana-bweni wa pande zote mbili mnatakiwa kulisikia. Majaji wa rufaa walitenganisha maneno ya chuki na uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji. Walisema si kila chuki ni uchochezi wa mauaji ya kimbari. Lazima uangalie maneno yametamkwa wapi, lini, na wasomaji wenyewe waliyaelewaje. Matoleo ya Kangura ya mwaka 1994 ndiyo yaliyomtia hatiani kwa uchochezi.

Kwa hiyo kuna ngazi. Chini kuna utani, juu yake dharau, juu yake chuki, na juu kabisa wito wa panga. Mahakama inashughulika na ngazi ya juu. Zile za chini nani anashughulika nazo? Ni mimi na wewe tunaonunua gazeti. Tukisubiri mpaka jaji aguswe, tumeshachelewa.

UTANI NI NINI HASA?

Ile hoja ya "sisi tumezoea utani" nimeifikiria sana, maana ni hoja nzuri. Hapa Kilimanjaro Mchaga na Mpare hawaishi kusemana. Mpare anaambiwa atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Mchaga anaambiwa akizimia mdondoshee sarafu karibu na sikio, asipoamka basi kazikeni. Nacheka mpaka leo.

Lakini utani una sheria zake. Mtani wako unamjua. Ukimrushia anakurushia. Na siku ya msiba mtani ndiye anayekuja kubeba kazi na kuwachekesha waliofiwa. Utani ni uhusiano, una deni ndani yake. Katuni ya gazeti inayomchora Mhindi kwa pua na matamshi haina hata kimoja. Aliyechorwa hana ukurasa wa kujibu, mchoraji hamjui, na msiba ukitokea hatamwona. Kuiita utani ni kuutukana utani wenyewe.

Halafu angalieni jambo moja. Yule Mhindi wa kwenye katuni ana nini? Ana duka, mizani iliyochezewa, ubahili, droo ya pesa. Sasa niambieni Mchaga wa kwenye vichekesho vya Dar ana nini. Ana duka, mizani, ubahili, pesa! Wahindi walipoondoka na "Mangi" akashika maduka mengi ya mtaani, kile kikaragosi hakikwenda Kanada. Kilibaki dukani kikambadilisha mwenyeji. Wachaga wenzangu mnaosema "Wahindi waache kulia lia", tafuteni kioo.

SASA TUFANYEJE?

Mimi nikikutana na katuni najiuliza maswali matatu. Anayechekwa ni kwa alichofanya au kwa alivyozaliwa? Ana nguvu ya kujibu, au ameshawekwa chini tayari? Na wakati wenyewe ukoje, kuna watu wanataka kumfukuza au kumpiga? Waziri akichorwa analala bungeni, achekwe mpaka aamke. Mfanyabiashara wa Kihindi, Mchaga au Mzungu akichorwa kwa hongo aliyotoa, ni haki. Akichorwa kwa pua na lafudhi, hapo tuandike barua kwa mhariri, tumjibu mchoraji kwa jina, tuache kununua gazeti, tubishane semina nzima.

Ila kufungia, hapana. Januari 2015 serikali ilizuia gazeti la The EastAfrican lisisambazwe nchini, muda mfupi baada ya Gado, Mtanzania mwenzetu, kumchora Rais Kikwete. Sheria kali za magazeti zikiwepo, wa kwanza kuzikimbilia ni mkubwa aliyeguswa. Muuza duka aliyechorwa kama kupe sheria hizo hazimjui.

Kwa wachoraji wa ukurasa wetu wa ukutani chuoni, ombi langu ni dogo. Kama mwenye duka anapunja, chora mizani. Ioneshe vizuri, na jiwe lililotobolewa, na kilo isiyofika. Msomaji ataelewa bila kuoneshwa pua ya mtu.

Nimemaliza. Wapare mnaruhusiwa kujibu, ila kesi msifungue. Kazi kwenu wadau.